Pete za Jua na Pete za Moto: Kemia ya Moshi wa Samaki Ziwani

Ufuoni Sori, huko Karungu, upande wa Migori, Kenya, niliwahi kukaa nusu siku kando ya mama anayebanika mbuta. Jiko lake ni la udongo, linafika kiunoni, na juu yake kuna wavu wa chuma. Vipande vya samaki vilikuwa vimepangwa juu ya wavu, ngozi ikiwa chini. Kuni zilikuwa zikifuka tu. Kila tone la mafuta lilipodondoka na mwali ukaruka, aliinama, akauvuta ukuni nje, akaupigapiga mchangani mpaka ukazimika, kisha akaurudisha ndani.

Nikamuuliza, "Mama, mbona hutaki moto uwake? Samaki si angeiva haraka?"

Akanijibu bila kuinua kichwa. "Ataiva, lakini atakuwa mweusi tena mchungu. Mteja anataka samaki mwekundu. Na huo wekundu unaletwa na moshi, si mwali."

Mama huyu hakuwa akizungumzia kemia, lakini alikuwa ameishika, ubaya na uzuri wake, kwa mkono wake. Kati ya moshi na mwali kuna mpaka, na mpaka huo ndio ninaotaka kuueleza hapa polepole, kwa sababu unagusa chakula cha watu wengi kuanzia Muhuru Bay hadi Kendu Bay, na mapafu ya wanawake wanaokiandaa.

Moshi na mwali hutofautiana kwa aina ya pete zinazotoa, kwa hiyo tuanze na umbo la pete lenyewe. Kaboni sita hushikana mikono na kufanya duara, kila moja ikiwa imebeba haidrojeni moja upande wa nje. Hiyo ni benzini ya wanakemia, ambayo si petroli ya gari. Mwaka 1865 Mjerumani August Kekulé ndiye aliyependekeza kwamba kaboni hizo zimekaa kama pete. Uimara wa pete hii unatokana na elektroni zake: baadhi yake hazikai kati ya kaboni mbili tu, bali huzunguka na kumilikiwa na kaboni zote sita, kama shamba la ukoo lisilogawanywa. Ndiyo maana pete haivunjiki ovyo. Kinachobadilika kwa urahisi zaidi ni kile kilichoning'inia nje. Haidrojeni moja ikipisha nafasi na mahali pake pakakaa oksijeni iliyoshika haidrojeni, unapata fenoli, ile dawa ambayo daktari Joseph Lister aliitumia kwenye vidonda huko Glasgow mwaka 1865. Pakikaa kaboni yenye haidrojeni tatu, unapata tolueni, ambayo mafundi wengi wanaijua kwa harufu ya kiyeyushi cha rangi. Pete ni ile ile. Kilichopachikwa ndicho kinachoamua tabia.

Jina benzini lina historia ambayo msomaji wa Kiswahili ataitambua upesi kuliko Mzungu. Waarabu waliita utomvu fulani wenye kunukia kutoka visiwa vya Asia ya kusini-mashariki *luban jawi*, yaani ubani wa Jawa. Wazungu walilipokea jina hilo, wakaimeza silabi ya mwanzo, na hatimaye likawa jina la asidi iliyopatikana kwenye ubani huo. Mwaka 1833 Eilhard Mitscherlich aliipasha joto asidi hiyo pamoja na chokaa akapata kimiminika chepesi, akakipa jina lililotokana na ubani. Kwa hiyo pete hizi ziliitwa "za kunukia" kwa sababu zilifahamika kwanza kwenye vitu vinavyofukizwa. Anayeweka ubani kwenye chetezo Lamu na anayebanika samaki aina ya mumi Mbita wote wawili wanatumia moto kutoa pete ndani ya mti.

Hapa pana jambo ambalo watu wengi, hata waliosoma, hulikosea. Hudhani moto ndio unaotengeneza harufu ya moshi. Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilikwisha kufanywa zamani, na fundi wake ni jua.

Mti hupokea mwanga kwenye majani, ukapasua maji, ukatumia nguvu hiyo kujenga sukari. Vipande vya sukari huunganishwa kwa hatua saba mpaka vikaelekea kuwa pete, na baada ya hatua chache zaidi hutoka asidi amino iitwayo fenilalanini, yenye pete kamili ya kaboni sita. Yote haya yanafanyika katika joto la kawaida la mchana, bila cheche, kwa kazi ya vimeng'enya. Kutoka kwenye fenilalanini mti hujenga lignini, ule mshikizo unaoufanya mti usimame na usilegee kama mgomba. Takriban robo ya uzito wa ukuni mkavu ni lignini, na lignini ni mamilioni ya pete zilizofungamana. Kwa hiyo mwanga unajenga pete, ila haugusi pete yenyewe kwa mkono; hutoa nguvu tu, na viumbe hai ndio mafundi.

Sisi wanadamu hatuwezi kuijenga fenilalanini. Lazima tuile, na samaki ni mojawapo ya vyakula vinavyotupatia. Kwa maana hiyo hata pete zilizomo katika nyama yetu zilianza kwenye mimea na viumbe vidogo vya ziwani. Na ukitaka kuona jinsi njia hii ilivyo muhimu kwa mmea, tazama dawa ya magugu ya glifosati ambayo imeenea mashambani: inaua kwa kuziba kimeng'enya kimoja tu katika safari hiyo ya kujenga pete. Mmea unanyauka ukiwa juani, kwenye udongo wenye maji, kwa kukosa pete.

Kuna mfano mwingine wa karibu zaidi. Kituo cha utafiti wa wadudu cha ICIPE, kilichoanzishwa na Thomas Odhiambo mwaka 1970, kina kampasi pale Mbita, na leo inaitwa kwa jina lake. Hapo ndipo Zeyaur Khan na wenzake walipoendeleza kilimo cha vuta-sukuma: mmea uitwao desmodiamu hupandwa katikati ya mistari ya mahindi na majani ya matembo pembezoni. Desmodiamu hufukuza vipekecha-shina kwa harufu, lakini kazi yake kubwa huku kwetu iko chini ya ardhi. Mizizi yake hutoa misombo yenye pete ambayo huvuruga ukuaji wa kayongo, lile gugu la maua ya zambarau linalonyonya mahindi. Jua la Homa Bay linajenga pete ndani ya jani, mzizi unaimwaga, na kayongo inashindwa kushika. Mimi huona huo kuwa ufundi wa kemia usiopungua wa kiwanda chochote.

Turudi jikoni. Ukuni unapopata joto la nyuzi 200 hivi, sehemu zake dhaifu zaidi huanza kusambaratika na kutoa mvuke mchachu. Karibu na nyuzi 300 nyuzinyuzi zenyewe hufuata. Lignini ni ngumu; huachia kati ya nyuzi 280 na 500, na inapoachia hazivunjiki pete, huvunjika viungo kati ya pete. Pete hutoka zikiwa bado na mapambo ambayo mti uliyaweka: nafasi moja ina oksijeni na haidrojeni, nafasi ya jirani ina oksijeni iliyobeba kaboni. Pete ya namna hiyo inaitwa guayakoli. Ikiwa na pambo la pili la oksijeni iliyobeba kaboni upande wa pili, ni siringoli. Miti ya mbao laini, kama msonobari, hutoa zaidi guayakoli. Miti ya mbao ngumu, kama migunga ya kandokando ya ziwa, hutoa zote mbili. Harufu ile unayoisikia ukikaribia soko la samaki Homa Bay kabla hujaliona, sehemu yake kubwa ni pete hizi mbili na ndugu zao. Wekundu wa samaki una chanzo kingine: vipande vya sukari za mti vinakutana na protini kwenye ngozi na kuifanya ikahawie. Vyote viwili vinasafiri kwenye moshi uleule, na mama yule alisema kweli.

Fenoli hizi hufanya kazi mbili. Huwasumbua bakteria, na huzuia mafuta ya samaki yasichache. Mafuta huchacha kwa mnyororo: molekuli moja iliyoharibika humpokonya jirani yake haidrojeni, jirani naye humpokonya anayefuata, na hivyo hivyo. Fenoli ina haidrojeni ambayo iko tayari kuitoa, na ikishaitoa, pete yake hutulia bila kumsumbua mwingine. Mnyororo unakatika hapo. Mbuta ni samaki mwenye mafuta mengi, na juani peke yake ni vigumu kukauka kabla hajachacha. Ndiyo sababu watu walimpeleka kwenye moshi.

Mpaka hapo moto ni mfunguaji tu. Ukivuka nyuzi 400 na kuendelea kupanda, unakuwa mjenzi, na ujenzi wake haufanani na wa jua. Hauna subira ya kuweka mapambo. Unararua kila kitu kuwa vipande vidogo vya kaboni mbili mbili, kisha katika joto lile vipande hivyo vinaungana upya. Marcellin Berthelot alilionyesha jambo hili Ufaransa mwaka 1866 alipopasha gesi ya asetilini joto kali ndani ya bomba mpaka ikatoa benzini: vipande vitatu vya kaboni mbili vikawa pete moja. Moto haukomei kwenye pete moja. Huongeza ya pili ubavuni, ndiyo nafthalini ya vidonge vya kufukuzia nondo kabatini, kisha ya tatu, ya nne. Pete tano zikishikana kwa namna fulani huwa benzo(a)pireni, kaboni 20 na haidrojeni 12. Ukienda mbele zaidi unapata masizi.

Mafuta yanayodondoka kutoka kwa samaki ndiyo malighafi nzuri kuliko zote kwa kazi hiyo. Yanaanguka kwenye kaa, yanararuka papo hapo, na moshi wake unarudi moja kwa moja juu ya samaki yule yule. Inanigusa kila mara nikikumbuka kwamba benzini yenyewe iligunduliwa kwa njia hiyo hiyo. Mwaka 1825, London, Michael Faraday alipewa kimiminika kilichobaki kwenye mitungi ya gesi ya taa. Gesi hiyo ilitengenezwa kwa kupasha mafuta ya nyangumi na samaki joto kali. Ndani ya mabaki hayo ndimo alimoikuta. Kwa hiyo tone linalochirizika kutoka kwenye mbuta wa Karungu na kulipuka kuwa mwali linarudia, kwa udogo, yaliyotokea kwenye karakana za gesi za London.

Pete hizi za moto zina ubaya gani? Hazina mapambo, haziyeyuki majini, na mwili hauna njia rahisi ya kuzitoa. Ini hujaribu kuzivisha oksijeni ili zitoke na mkojo. Kwa benzo(a)pireni, jaribio hilo ndilo linaloleta madhara: umbo linalotokea katikati ya njia linaweza kujipachika kwenye DNA. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, limeiweka benzo(a)pireni kundi la 1, la vitu ambavyo imethibitika vinasababisha saratani kwa binadamu. Umoja wa Ulaya tangu Septemba 2014 hauruhusu zaidi ya mikrogramu 2 zake kwa kilo ya samaki wa moshi. Kabla ya hapo ilikuwa 5. Ni kiasi kidogo mno, na jiko linalowaka mwali chini ya samaki mnono linaweza kukipita bila shida.

Na sasa mwanga. Nimesema jua hujenga pete kwa mkono wa mmea. Likiigusa pete moja kwa moja, hufanya mambo mengine kabisa. Mwanafunzi wa sekondari Kenya hufundishwa kwamba methani na klorini hazigusani gizani, lakini mwanga ukiingia, klorini hukatika vipande viwili vyenye njaa na kuanza kupokonya haidrojeni. Faraday alifanya hivyo hivyo kwa benzini mwaka ule wa 1825: aliiweka na klorini juani. Matokeo yake hayakuwa benzini iliyobadilishiwa haidrojeni moja. Klorini sita ziliingia zote, na umoja wa elektroni ukavunjika. Umbo la duara lilibaki, sifa ya pete ya kunukia ikapotea. Moja ya sura za kitu hicho ndiyo lindeni, dawa ya wadudu iliyotumika duniani kote hadi Mkataba wa Stockholm ulipoiweka kwenye orodha ya marufuku mwaka 2009. Ukitaka klorini moja tu ikae kwenye pete yenyewe na pete ibaki pete, unaweka gizani na kutumia kichocheo chenye chuma. Na ukiwa na tolueni, yenye mkono wa kaboni pembeni, joto la kuchemka pamoja na mwanga hupeleka klorini kwenye mkono huo. Chuma na ubaridi huipeleka kwenye pete. Vitu ni vilevile chunguni. Hali ndiyo inayochagua pa kukaa. Kutokana na tolueni iliyopachikwa klorini kwenye mkono viwanda hutengeneza, miongoni mwa mengine, benzili benzoeti, dawa nyeupe ya kupaka ambayo watoto wengi wa shule za bweni wamepakwa kwa ajili ya upele.

Kwenye mchanga wa Mbita na Rusinga jua lina kazi nyingine: kukausha omena, samaki mdogo wa ziwani. Huvuliwa usiku kwa taa, na asubuhi humwagwa kwenye nyavu kuukuu au kwenye vichanja. Jua likiwa kali, kufikia jioni amekauka. Lakini mwanga uleule unaomkausha ndio unaoanzisha mnyororo wa kuchacha kwenye mafuta yake, na yeye hana fenoli za moshi za kuukata. Ndiyo maana kasi ni kila kitu, na ndiyo maana mvua za masika zinawaumiza sana wanawake wanaofanya biashara hii: omena aliyelowa siku mbili hushuka daraja akawa chakula cha kuku. Kichanja kinachomwinua kutoka mchangani kinapitisha hewa juu na chini, na hakimlishi mteja mchanga.

Je, samaki wa moshi akianikwa juani, mwanga hauwezi kuzivunja zile pete za moto? Unaweza, kwa kiasi. Benzo(a)pireni iliyo juu kabisa, ikipata mwanga na oksijeni, hubadilika, na mara nyingi hupachikwa oksijeni kwenye pete. Lakini jua haliingii ndani ya ngozi, na vitu vinavyotokea si vyote vyema. Siwezi kumshauri mtu ategemee hilo. Linalosaidia kweli mlaji ni jambo dogo: pete hizi hukaa zaidi kwenye ngozi na tabaka la nje. Samaki aliyekuwa mweusi, mbandue ngozi kabla hujamtia mchuzini.

Kinachosaidia zaidi kiko jikoni. Tume ya Codex, ya viwango vya chakula, ilitoa mwongozo wa kupunguza pete hizi mwaka 2009, na ukiusoma utamwona mama wa Sori ndani yake: kuni kavu, moto wa chini, samaki mbali na mwali, mafuta yasidondokee kaa. Jiko la Chorkor la Ghana, lililobuniwa karibu na mwaka 1970, lilipunguza kuni na kurahisisha kazi kwa trei zinazopangwa juu kwa juu. Baadaye FAO na wenzao wa Thiaroye, Senegal, waliongeza mambo mawili ya maana: sinia la kukinga mafuta, na chombo cha kutengenezea moshi kando na moto wa kuivishia. Wazo lao ni kutenganisha kazi ya kuivisha na kazi ya kutia moshi, kila moja kwa joto lake. Mimi naona hilo la sinia linafaa kuja kwanza, kwa kuwa fundi yeyote wa mabati anaweza kulikata na kulikunja, na mwenye jiko hahitaji kubomoa kitu.

Lazima pia niseme jambo kuhusu kuwasha. Serikali ya Kenya ilipiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, lakini vipande vya plastiki bado hutumika kushika moto asubuhi. Plastiki yenye klorini, kama ile ya mabomba ya maji, ikiungua kwa moto hafifu hutengeneza pete zilizopachikwa klorini, zikiwemo dioksini, ambazo ni miongoni mwa sumu kali zaidi zinazojulikana na hukaa kwenye mafuta ya mwili kwa miaka. Huu ndio upachikaji wa klorini ambao hakuna mtu aliyeukusudia, na anayeuvuta kwanza ni yule aliyeinama kupuliza. Tunazungumza sana kuhusu mlaji, kwa sababu mlaji yuko Kisumu, Nairobi na ng'ambo na ana wa kumsemea. Yule mama hula moshi kwa saa nane kila siku, macho mekundu, mtoto mgongoni.

Siku ile Sori, jua lilipokuwa likizama, mama alianza kugeuza vipande kwa vidole, haraka, akivipuliza. Nilikuwa nimemweleza habari za sinia la mafuta, akasikiliza kwa makini, kisha akaniuliza swali ambalo sikulitarajia. Seremala jirani yake humpa vumbi la mbao bure, na likinyunyiziwa maji hufuka vizuri bila kuwaka. Je, linafaa?

Nikamwambia linafaa sana ikiwa ni la mbao ngumu tupu, maana hufuka kwa joto la chini. Lisiwe la mbao zilizopakwa rangi au kutiwa dawa ya mchwa.

Akafikiri kidogo. "Yeye hutengeneza milango mipya, lakini pia hukarabati vitanda vya zamani." Akainuka, akaliendea gunia lililokuwa nyuma ya jiko, akalifungua na kuanza kulichambua kwa mkono, akitoa vipande vilivyokuwa na madoa ya vanishi na kuvitupa pembeni, kimoja kimoja, hadi giza lilipoingia na taa za wavuvi wa omena zikaanza kuonekana majini.